Kusoma Shahada ya Uzamili katika Chuo Kingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyemaliza, au anayekaribia kumaliza, shahada ya kwanza katika chuo kimoja na anafikiria kusoma uzamili katika chuo kingine, kiwe cha nchi ileile au cha ng'ambo. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Je, inaruhusiwa kusoma uzamili katika chuo ambacho hakikunipa shahada ya kwanza?

Ndiyo, na ni jambo la kawaida mno. Uzamili ni udahili mpya kabisa, si kupanda darasa, na hata anayebaki katika chuo chake kwa kawaida hulazimika kutuma maombi upya. Huhitaji ruhusa ya chuo chako cha awali. Unachohitaji kutoka kwake ni nyaraka: nakala rasmi ya matokeo, cheti au barua ya kuthibitisha kwamba umehitimu, na wahadhiri watakaokubali kukuandikia barua za mapendekezo.

Uzamili huchukua muda gani, na kwa nini vyuo vinatofautiana?

Kwa mwanafunzi wa muda wote, ni kati ya mwaka mmoja na miwili. Nchini Uingereza uzamili wa masomo ya darasani humalizika kwa takribani miezi kumi na miwili ukiwa na krediti 180, ambazo huhesabiwa sawa na krediti 90 za mfumo wa Ulaya wa ECTS. Katika nchi nyingine nyingi za Ulaya, tangu Azimio la Bologna lilipotiwa saini mwaka 1999, mpango uliozoeleka ni miaka mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya uzamili, ingawa zipo programu za mwaka mmoja pia. Nchini Marekani programu nyingi huchukua miaka miwili.

Muda mfupi si dosari, ila una gharama yake. Katika programu ya mwaka mmoja, mwanafunzi anayetoka chuo kingine hutakiwa kuchagua mada ya tasnifu wakati bado hajawazoea wahadhiri wala hajajua maabara au maktaba inavyoendeshwa. Kama unatarajia kuendelea hadi uzamivu, maombi yake mara nyingi hufunguliwa kabla hujapata hata matokeo ya muhula wa kwanza, na hapo utalazimika kutegemea barua za walimu wako wa zamani.

Nibaki nilipo au nihame?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi kuliko yote, na mara nyingi huulizwa vibaya, kana kwamba kuna chuo kilicho bora kwa kila mtu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: je, katika idara niliyopo yupo mtu anayefanya kazi ninayotaka kuifanya, na ana nafasi ya kunisimamia? Kama yupo, na kama anakujua, kubaki kuna faida ambazo watu huzidharau. Utaanza utafiti mapema, hutapoteza miezi ya kuzoea mazingira, na unajua tayari ni mhadhiri gani anayerudisha rasimu kwa wiki moja na yupi hukaa nayo muhula mzima.

Kama hayupo, kuhama kunakuwa jambo la lazima zaidi kuliko la hiari. Pia kuna hoja ya kitaaluma: mtu aliyesoma ngazi zote mahali pamoja hufundishwa na walimu walewale, kwa mbinu zilezile, na huweza kuamini kwamba mbinu hizo ndizo fani yenyewe. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya nchi na fani, wanaotaka kuwa wahadhiri hushauriwa waziwazi wabadilishe chuo angalau mara moja.

Sababu dhaifu ya kuhama ni kuchoka. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho karibu kila mara amechoshwa na chuo chake, na uchovu huo haumweleweshi lolote kuhusu chuo anachokwenda.

Kinachomtenganisha mwombaji wa nje na wa ndani, zaidi ya akili au alama, ni taarifa. Wa ndani anajua nani anastaafu, maabara ipi imeishiwa fedha na mtihani wa kuingilia huwa na sura gani. Wa nje hajui, na sehemu kubwa ya maandalizi yake ni kuzitafuta taarifa hizo moja moja. Ndiyo maana majibu kuhusu msimamizi, hapa chini, yamepewa sehemu yake.

Je, jina kubwa la chuo linatosha kuwa sababu?

Kwa shahada za biashara na sheria, ambako waajiri hutazama jina na mtandao wa wahitimu, lina uzito. Kwa uzamili wa utafiti, idara na msimamizi vina uzito zaidi. Orodha za jumla za ubora wa vyuo hupima chuo kizima, hasa machapisho na sifa zake, na hazikuambii kama idara yako imebakiwa na wahadhiri watatu.

## Msimamizi na idara

Nitampataje msimamizi katika chuo nisichokijua?

Anza na makala ulizosoma wakati wa kuandika mradi wako wa mwisho. Majina yaliyojirudia katika marejeo yako ndiyo orodha yako ya kwanza. Kwa kila jina, tazama amechapisha nini katika miaka mitatu hivi iliyopita, kwa sababu ukurasa wa idara unaweza kuendelea kumtambulisha mtu kwa utafiti alioacha zamani. Kisha tafuta tasnifu za wanafunzi wake katika hifadhi ya maktaba ya chuo. Hizo zitakuonyesha mada anazowaruhusu wanafunzi kuzifanya na kiwango anachokubali. Ukurasa wa shukrani wa tasnifu usiuruke. Mwanafunzi anayemshukuru msimamizi kwa sentensi moja kavu, halafu akatumia aya nzima kumshukuru mhadhiri mwingine aliyesoma rasimu zake, amekwisha kukueleza jambo.

Hatua hii ni ya uzamili wa utafiti. Katika uzamili wa darasani msimamizi hupangwa baada ya kudahiliwa, na kuwaandikia wahadhiri kuomba nafasi kabla ya hapo hakusaidii. Wengi watakuelekeza tu kwenye ofisi ya udahili.

Barua pepe ya kwanza kwa profesa iandikweje?

Iwe fupi, aweze kuisoma amesimama. Jitambulishe kwa sentensi moja, taja programu na mwaka unaotaka kuanza, eleza utafiti wako katika sentensi tatu au nne, kisha uliza swali moja tu: kama anatarajia kupokea wanafunzi mwaka huo. Ambatisha wasifu na nakala ya matokeo.

Sehemu inayoamua kama utajibiwa ni ile inayoonyesha kwamba umemsoma yeye na si orodha. Sentensi kama «Nimevutiwa sana na utafiti wako mashuhuri» inaweza kutumwa kwa mtu yeyote, na maprofesa huipokea kila siku. Linganisha na hii: «Katika makala yako kuhusu uvunaji wa maji ya mvua, vipimo vilichukuliwa msimu wa mvua pekee, katika mradi wangu nilipima pia wakati wa kiangazi na nikapata tofauti ambayo ningependa kuifuatilia.» Sentensi ya pili haina sifa hata moja, lakini inaonyesha kwamba mwandishi wake ni mtu wa kazi.

Usipojibiwa baada ya wiki mbili, andika mara moja zaidi. Baada ya hapo, mwandikie mwingine. Usiwaandikie wahadhiri watatu wa idara moja kwa wakati mmoja, kwani huzungumza.

Profesa amenijibu «Karibu utume maombi». Je, nimekubaliwa?

La. Katika vyuo vingi uamuzi ni wa kamati, na jibu hilo lina maana kwamba hakuna kizuizi upande wake. Lina thamani, lakini usiache kuomba kwingine kwa sababu yake. Jibu lililo karibu zaidi na ahadi ni lile linalokuuliza maswali: unataka kutumia data gani, unajua programu zipi za kompyuta, una ufadhili au huna.

Nimuulize nini mwanafunzi anayesoma huko?

Maswali ya jumla hupata majibu ya adabu. Uliza mambo yanayohesabika: mnakutana na msimamizi mara ngapi kwa mwezi, rasimu hurudi baada ya muda gani, wanafunzi waliokutangulia walimaliza kwa miaka mingapi, nani hulipia vifaa na safari za kukusanya data, na je, kuna aliyeacha katikati. Ukiweza, ongea na aliyekwisha kuhitimu, maana aliye ndani bado anahitaji saini ya msimamizi.

## Maombi na nyaraka

Mhadhiri wangu atachukia nikimwomba barua ya kwenda chuo kingine?

Mara chache sana. Wahadhiri wengi wenyewe walihama. Ukiwa na wasiwasi, hasa kama mhadhiri alitarajia ubaki naye, mweleze sababu ya kitaaluma mapema na ana kwa ana kuliko kumwacha akutane na jina lako katika mfumo wa maombi wa chuo kingine. Mpe angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na wasifu, rasimu ya maelezo yako binafsi na orodha ya vyuo na tarehe zake.

Chagua anayekujua kuliko mwenye cheo. Barua ya mhadhiri kijana aliyekusimamia mradi, inayoeleza jinsi ulivyogundua kosa katika data na kulirekebisha, hushinda barua ya mkuu wa kitivo inayosema ulihudhuria vizuri.

Alama zangu zitasomwaje na chuo chenye mfumo tofauti?

Kwanza, usizibadilishe mwenyewe isipokuwa fomu imekuagiza. Andika wastani wako kama ulivyo pamoja na kiwango cha juu kabisa cha mfumo wako, na uambatishe maelezo ya upangaji wa alama ambayo vyuo vingi huyachapisha nyuma ya nakala ya matokeo.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini. Vyuo vingi vya Ujerumani, ambako 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu, hutumia kanuni iitwayo kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa: unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa alama yako, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Mwenye GPA ya 3.5 katika mfumo wa 5, ambako kufaulu kunaanzia 2.0, atapata 2.5. Mwenye 3.5 hiyohiyo katika mfumo wa 4, kufaulu kukiwa pia 2.0, atapata 1.75. Msomaji wa maombi asiyejua mfumo wako ni upi anaweza kukushusha au kukupandisha bila kukusudia.

Alama zangu si nzuri. Nina nafasi?

Inategemea kama chuo kina kiwango cha chini kilichoandikwa. Kikiwepo na hujakifikia, mfumo wa udahili unaweza kukuondoa kabla mtu hajakusoma, na hapo ni afadhali kuwauliza kama uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili hukubaliwa badala yake. Kama umekivuka kidogo tu, yanayosomwa ni mwelekeo na masomo husika: aliyeanza vibaya akamaliza vizuri ana hoja, na aliyepata alama ya juu katika mradi wa mwisho ana hoja nzuri zaidi kwa uzamili wa utafiti. Ugonjwa au msiba ulioathiri muhula mmoja utajwe kwa sentensi mbili, tena ikiwezekana na mwandishi wa barua ya mapendekezo badala yako.

Mitihani kama GRE na IELTS inahitajika bado?

Mtihani wa lugha, kama IELTS au TOEFL kwa Kiingereza, mara nyingi ndiyo, isipokuwa shahada yako ya kwanza ilifundishwa kwa lugha ya chuo unachoomba na chuo hicho kinakubali barua ya kuthibitisha hivyo. GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya baada ya shahada ya kwanza, imeondolewa na programu nyingi katika miaka ya karibuni. Tangu Septemba 2023 mtihani wenyewe umefupishwa hadi chini ya saa mbili. Angalia uhai wa matokeo kabla ya kulipia: ya GRE hudumu miaka mitano, ya TOEFL na IELTS hutambuliwa kwa miaka miwili.

Cheti changu hakijatoka. Nisubiri?

Usisubiri. Vyuo vingi hutoa nafasi yenye masharti kwa nakala ya matokeo ya muda, na cheti hutakiwa kabla ya usajili. Tatizo la kweli ni kwamba mwenye cheti kilichochelewa hukosa viza au bweni kwa wakati, kwa hiyo shughulikia madeni ya maktaba na fomu za kumaliza chuo mara tu baada ya mtihani wa mwisho.

Shahada yangu itatambuliwa nje ya nchi?

Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni uhalisi wa karatasi: kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, muhuri uitwao apostili hutosha, kwa nyingine nyaraka hupitia wizara na ubalozi. La pili ni thamani ya shahada, ambayo huamuliwa na chuo au na chombo cha ithibati. Ipo mikataba inayowalinda waombaji hapa: wa Lisbon wa mwaka 1997 kwa Ulaya, wa Addis Ababa wa mwaka 2014 kwa Afrika, na mkataba wa kimataifa wa UNESCO uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Msingi wake ni kwamba shahada itambuliwe isipokuwa ionyeshwe kwamba ina tofauti kubwa na ile ya nchi pokezi.

Tofauti inayolalamikiwa zaidi ni ya urefu. Baadhi ya vyuo vya Marekani hutaka shahada ya kwanza ya miaka minne na husita kwa ya miaka mitatu. Uliza mapema kwa maandishi, na uitunze barua pepe ya jibu.

## Kubadilisha fani

Naweza kubadilisha chuo na fani kwa pamoja?

Unaweza, ila unabeba mizigo miwili. Idara hutazama kama una masomo ya msingi, si jina la shahada. Mhitimu wa fizikia anayekwenda takwimu tayari ana hisabati. Mhitimu wa fasihi anayekwenda takwimu atahitaji mwaka wa kuziba pengo au kozi za awali. Zipo programu zilizobuniwa mahususi kwa wanaotoka fani nyingine, hasa katika sayansi ya kompyuta, lakini soma vizuri kama shahada hiyo inakubalika kwa uzamivu au kwa usajili wa taaluma, kwa sababu si zote.

## Fedha

Ufadhili hupatikana wapi kwa anayetoka chuo kingine?

Njia ni tatu: chuo chenyewe, msimamizi mwenye fedha za mradi, na wafadhili wa nje. Hapa tena wa ndani hutangulia kwa taarifa, kwani kazi za usaidizi wa kufundisha mara nyingine hutangazwa kwenye ubao wa idara tu. Mwulize mratibu wa programu moja kwa moja.

Miongoni mwa wafadhili wa nje wanaojulikana ni Fulbright ya Marekani, iliyoanza mwaka 1946, Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, na Erasmus Mundus, iliyoanza mwaka 2004, ambayo mwanafunzi wake husoma katika nchi mbili au zaidi. Soma masharti ya baada ya masomo kwa umakini uleule unaosomea kiasi cha fedha. Chevening, kwa mfano, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili kabla ya kuomba, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Hilo si tatizo, isipokuwa kwa aliyepanga kuunganisha na uzamivu hukohuko. Dirisha la ufadhili hufungwa mara nyingi kabla ya lile la udahili, wakati mwingine karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.

## Hali zisizo za kawaida

Nimepata nafasi vyuo viwili, na kimoja kinanihimiza nijibu haraka. Nifanyeje?

Omba kuongezewa muda kwa maandishi, ukitaja tarehe. Nchini Marekani vyuo vilivyotia saini azimio la Aprili 15 humpa mwanafunzi hadi siku hiyo kujibu ahadi ya ufadhili, ingawa azimio halihusu nafasi isiyo na ufadhili. Kwingineko huenda ukalazimika kulipa amana ya kushikilia nafasi. Uliza kwanza kama hurudishwa. Ukishaamua, kiarifu chuo unachokiacha siku hiyohiyo, kwa kuwa yupo mtu kwenye orodha ya akiba.

Naweza kuendeleza mradi wangu wa shahada ya kwanza kuwa tasnifu ya uzamili?

Kuendeleza mada, ndiyo. Kuwasilisha upya maandishi, hapana: vyuo vingi huhesabu kurudia kazi iliyokwisha kupewa alama kuwa udanganyifu, hata kama aliyeiandika ni wewe. Taja kazi ya awali kama unavyotaja kazi ya mtu mwingine. Kuhusu data, ulizia mmiliki wake ni nani; iliyokusanywa kwa fedha za maabara ya zamani huenda isiwe yako kuihamisha bila idhini ya msimamizi wa kwanza.

Nilihitimu miaka mingi iliyopita na wahadhiri wangu wameondoka. Nani ataniandikia?

Programu zinazoandaa watu kwa kazi badala ya utafiti kwa kawaida hukubali barua za waajiri, na baadhi ya za utafiti hukubali moja. Kwa barua ya pili, tafuta mhadhiri aliyebaki katika idara, umpelekee mradi wako wa mwisho na nakala ya matokeo, umwombe aandike kwa msingi wa kumbukumbu hizo. Kusoma kozi moja fupi yenye mtihani kunaweza pia kukupatia mwalimu mpya anayekujua.

Nimeshaanza uzamili katika chuo kipya na hakinifai. Naweza kuhama tena?

Inawezekana, lakini tofautisha tatizo la chuo na la msimamizi. Kubadilisha msimamizi ndani ya idara ni rahisi zaidi, na kila chuo kinachoaminika kina utaratibu wake, kwa kawaida kupitia mratibu wa uzamili na si kupitia msimamizi mwenyewe. Ukihama chuo, tarajia kwamba krediti chache tu ndizo zitakazopokelewa, kwamba ufadhili hauhami nawe isipokuwa mfadhili amekubali kwa maandishi, na kwamba viza iliyotolewa kwa jina la chuo kimoja huenda isitumike kwa kingine. Pata barua ya kukubaliwa kwanza, ndipo ujiondoe.

Nikimaliza, naweza kurudi chuo changu cha kwanza kwa uzamivu?

Ndiyo, na wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi: huchukua mbinu chuo kingine na kurudi penye data au penye msimamizi wanayemwamini. Utaomba kama mwombaji mwingine yeyote. Barua za mapendekezo zitatarajiwa kutoka chuo cha uzamili, hasa kwa msimamizi wa tasnifu, kwa hiyo mwombe kabla hujafungasha.